Vita Vilivyoishia Kwenye Hati ya Shamba

Kila mwaka ifikapo tarehe 20 Oktoba, taifa la Kenya husimama kuwakumbuka mashujaa wake. Zamani siku hiyo ikiitwa Siku ya Kenyatta. Tangu Katiba ya mwaka 2010 inaitwa Siku ya Mashujaa. Ilikuwa ni tarehe hiyo, mwaka 1952, Gavana Evelyn Baring alipotia sahihi tangazo la hali ya hatari, na usiku huo huo Jomo Kenyatta na wenzake wakaanza kukamatwa. Basi gwaride hupita, hotuba hutolewa, na habari ya Mau Mau husimuliwa kama mchezo wa mpira: timu ya Mwafrika upande huu, timu ya Mzungu upande ule.

Leo naomba tuitazame habari hiyo kutoka chini, kutoka kwa mtu wa kawaida. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Ni kweli. Lakini nyasi za Kenya hazikuumia sawasawa. Ziko zilizokanyagwa zikafa, na ziko, tuseme ukweli, zilizopata mbolea. Ukitaka kujua ni zipi, usiulize tu nani alikuwa msituni na nani alikuwa upande wa serikali. Uliza pia nani alikuwa nyumbani siku shamba lilipopimwa.

Tuanze na watu ambao wengi wetu tumewasahau, nao ni maskwota. Hawa walikuwa Wakikuyu waliohamia Bonde la Ufa tangu miaka ya mwanzo ya ukoloni, wakaishi katika mashamba ya masetla. Walilima kipande chao, wakachunga mifugo yao, na badala ya kodi wakamfanyia setla kazi siku kadhaa kwa mwaka. Mwanzoni mpango huo haukuwa mbaya sana. Setla alikuwa na ardhi nyingi asiyoweza kuilima, na skwota alikuwa na nguvu na ng'ombe. Lakini masetla walipopata nguvu, walianza kumwogopa skwota mwenye mifugo mingi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 mifugo iliondolewa mashambani kwa nguvu, na watu wenyewe wakalipa tukio hilo jina la kifagio. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1937, iliyowapa masetla madaraka ya kuamua skwota alime kiasi gani, afuge nini na afanye kazi siku ngapi. Baada ya Vita Kuu ya Pili siku hizo zilifika hata 270 kwa mwaka. Mtu akaambiwa afanye kazi zaidi, alime kidogo, na asifuge.

Waliokataa walifukuzwa. Huko Olenguruone, serikali iliwapa baadhi yao ardhi, kisha ikawaambia ardhi hiyo si yao bali wamekaribishwa tu. Wakagoma, wakala kiapo cha umoja, wanawake na watoto wakiwemo. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wakaondolewa. Kwa hiyo mtu akisema kwamba Mau Mau ilianzia Nyeri au Nairobi, mimi humwambia aende kwanza Olenguruone.

Hali ya hatari ilipotangazwa, maskwota ndio walioonja mapema. Wapatao laki moja waliondolewa Bonde la Ufa na kurudishwa katika hifadhi za Wakikuyu. Wengi wao walizaliwa huko huko Nakuru au Naivasha, na huko walikopelekwa hawakumjua mtu. Hawakuwa na shamba, na ndugu waliowapokea nao walikuwa wamebanana. Vijana wao wengi wakaona afadhali msitu.

Sasa twende mjini. Nairobi ya wakati ule ilikuwa mji wa wanaume wanaolala wanne au sita katika chumba kimoja cha Pumwani au Kariokor, mshahara mdogo, kipande mfukoni. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa na nguvu, na watu kama Fred Kubai na Bildad Kaggia walitoka humo. Silaha, dawa na fedha za msituni zilipitia Nairobi. Waingereza walilijua hilo, na alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 wakauzingira mji kwa askari na polisi wapatao 25,000. Waliiita Operesheni Anvil. Mtaa baada ya mtaa, kila Mwafrika alitolewa nje, na Wakikuyu, Waembu na Wameru wakatengwa na wenzao. Walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia lenye matundu mawili ya macho. Huyo mwenye gunia akitikisa kichwa, mtu anapanda lori. Hakuna kesi, hakuna swali. Watu zaidi ya 20,000 walipelekwa Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani.

Hebu fikiria, kazi zao zilikwenda wapi? Mji haukufungwa. Treni ziliendelea kwenda, mizigo ikabebwa, na bwana mkubwa akapikiwa chai yake. Nafasi zile zilijazwa na Wajaluo, Waluhya, Wakamba na wengine. Siwalaumu; mtu mwenye njaa akipata kazi huichukua. Lakini tukumbuke kwamba sura ya wafanyakazi wa Nairobi ilibadilika katika siku chache zile, na kwamba kijana Tom Mboya, aliyeshika uongozi wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi mwaka 1953, alibaki akiongoza harakati ambayo nusu ya watu wake walikuwa nyuma ya seng'enge. Alifanya kazi kubwa ya kupinga kukamatwa kwa watu ovyo, naye asinyimwe sifa hiyo.

Na si Wakikuyu peke yao walioadhibiwa. Katika wale sita waliohukumiwa Kapenguria mwezi Aprili 1953 alikuwamo Paul Ngei, Mkamba, na Achieng Oneko, Mjaluo. Wahindi nao, ambao wengi wetu huwataja kwa habari ya duka tu, walikuwa na watu wao. Makhan Singh alizuiliwa tangu mwaka 1950, kabla hata ya hali ya hatari, na hakuachiliwa mpaka mwaka 1961. Pio Gama Pinto, mwandishi wa habari mwenye asili ya Goa, alikamatwa mwaka 1954 akapelekwa kisiwa cha Manda, karibu na Lamu. Mawakili Wahindi walisimama Kapenguria pamoja na Mwingereza D.N. Pritt kuwatetea washtakiwa, wakati ambapo kufanya hivyo kulimpotezea mtu marafiki na wateja.

Tukirudi vijijini, ndiko wanawake walikobeba mzigo usioonekana katika picha za magazeti. Kuanzia katikati ya mwaka 1954 serikali iliamuru watu wavunje nyumba zao zilizotawanyika mabondeni, wajenge vijiji vya pamoja vilivyozungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa. Katika muda wa miezi kama kumi na tano, watu zaidi ya milioni moja walihamishiwa katika vijiji 804. Wanaume walikuwa msituni, kizuizini, au katika ulinzi wa serikali. Waliobaki ni wanawake, wazee na watoto. Ni wanawake waliochimba mahandaki, wakakata nyasi za kuezeka, wakatengeneza barabara, wakachimba handaki refu kuuzunguka msitu wa Mlima Kenya. Shambani waliruhusiwa kwenda saa chache tu, na kijiji kikiadhibiwa kwa kutoa chakula msituni, hawakuruhusiwa kutoka kabisa. Njaa na maradhi yaliwamaliza watoto na wazee wengi ambao hawamo katika hesabu yoyote ya waliokufa vitani.

Hesabu ya serikali inasema wapiganaji 11,503 waliuawa. Inasema raia Waafrika zaidi ya 1,800 waliokuwa upande wa serikali waliuawa na Mau Mau, na masetla 32. Watu 1,090 walinyongwa. Mtoto aliyekufa kwa utapiamlo ndani ya seng'enge ya kijiji hakuandikwa popote.

Wanawake hawakuwa wa kuhurumiwa tu. Walipeleka chakula, risasi na habari, na mamia kwa maelfu yao walifungwa Kamiti. Wako waliopigana wenyewe. Muthoni wa Kirima alipanda cheo msituni mpaka akawa Field Marshal, na hakutoka msituni mpaka Uhuru ulipopatikana mwaka 1963. Nywele alizozifuga tangu msituni zilinyolewa mwaka 2022, akafariki mwaka 2023. Upande wa pili, serikali ilizikuza klabu za Maendeleo ya Wanawake, na mwanachama aliweza kusamehewa kazi za lazima. Mama mwenye watoto wanne wenye njaa, akijiunga na klabu ili apate nafasi ya kulima, nani atamwita msaliti?

Hapo ndipo tunapofika kwa homugadi, na hapa nawaomba wasikilizaji waniwie radhi, maana bado ni jeraha katika familia nyingi. Ni rahisi kusema kwamba homugadi walikuwa vibaraka. Wengine walikuwa. Walipora mbuzi, wakapiga watu, wakawafanyia wanawake mambo yasiyotajika redioni. Lakini wako waliojiunga kwa sababu ndugu yao aliuawa. Wako waliokuwa Wakristo wa uamsho, waliokataa kiapo kwa imani. Na baadhi ya hao walikataa pia kushika bunduki ya serikali, wakateswa na pande zote mbili. Wako waliojiunga kwa sababu chifu aliwaorodhesha. Na wengi walikuwa na mguu mmoja huku na mwingine kule: mchana yuko kituoni, usiku anapeleka risasi.

Mtazame Lari. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 nyumba zilichomwa moto huko, na watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto, wakauawa. Mkuu wa waliolengwa alikuwa Luka Kahangara, chifu wa zamani. Magazeti ya London yaliandika kwamba huo ni ushenzi usio na sababu. Sababu ilikuwepo, ingawa haihalalishi kumchoma mtoto. Miaka kumi na tatu hivi kabla ya hapo, Wakikuyu wa Tigoni walikuwa wameondolewa katika ardhi yao ili iwe ya Wazungu, wakapewa Lari badala yake. Luka alikubali na akapata. Wengine walikataa, wakakosa Tigoni, wakakosa na Lari. Baada ya shambulio lile, homugadi na askari walilipiza kisasi, wakaua watu wengi pia, wala hao wa pili hawakuandikwa sana magazetini. Chanzo cha yote hayo ni uamuzi mmoja wa ofisi ya ardhi.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo hasa lililonileta leo. Mwaka 1954, vita vikiwa vimepamba moto, afisa wa kilimo aliyeitwa Roger Swynnerton alitoa mpango wa kubadilisha kilimo cha Waafrika. Sehemu yake moja ilikuwa nzuri: Waafrika zaidi waruhusiwe kulima kahawa na mazao mengine ya biashara, jambo ambalo masetla walikuwa wamelizuia kwa miaka mingi. Sehemu nyingine ilikuwa kuunganisha vipande vya ardhi. Familia ya Kikuyu ingeweza kuwa na vipande sita au kumi, kimoja bondeni, kimoja mlimani, kimoja ng'ambo ya mto. Vyote vipimwe, vijumlishwe, mwenyewe apewe shamba moja na hati yake. Mpango wenyewe ulisema wazi kwamba Mwafrika mwenye uwezo atapata ardhi zaidi, na maskini atapata kidogo au atakosa, na kwamba hiyo ni hatua ya kawaida katika maendeleo ya nchi.

Katika siku za amani, kazi hiyo ingechukua vizazi, maana kila mpaka ungekuwa na kesi. Lakini hali ya hatari iliirahisisha ajabu. Watu walikuwa wamekusanywa vijijini, hawakuwa tena juu ya ardhi yao. Amri ilikuwa amri. Kesi za ardhi katika sehemu hizo zilisimamishwa. Mwishoni mwa mwaka 1954 watu zaidi ya 70,000 walikuwa kizuizini, na hao ndio ambao wangeinua mkono na kusema: mti ule ulipandwa na babu yangu, mpaka wetu ni hapa.

Kamati ya wazee ndiyo iliyoamua. Ni wazee gani? Ni wale waliokuwapo, yaani machifu, homugadi na watu wa hati ya uaminifu. Hati hiyo ya uaminifu ilikuwa karatasi yenye nguvu kuliko kipande. Mwenye nayo alisafiri, alipata leseni ya duka, alitangulia kwenye kahawa. Hata kura ya mwaka 1957, ambayo kwa mara ya kwanza iliwaruhusu Waafrika kuchagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakuipiga bila kuthibitisha uaminifu wake. Ndiyo maana kiti cha jimbo zima la Kati kilikwenda kwa Bernard Mate wa Meru, na Eliud Mathu, mkongwe wa baraza lile, akaanguka.

Basi shamba likapimwa. Mtu aliye Manyani aliwakilishwa na ndugu, kama ndugu huyo alitaka kumwakilisha. Ardhi ya aliyetajwa rasmi kuwa gaidi iliweza kutaifishwa. Kulikuwa pia na ahoi, watu waliokuwa wakilima kwa ruhusa ya ukoo wenye ardhi, wengine kwa vizazi viwili au vitatu. Mila iliwatambua, lakini hati haikuwa na mstari wa kuwaandika. Na mwanamke, aliyelima na kuchimba handaki peke yake miaka yote ile, alikuta jina lililoandikwa ni la mume, au la shemeji.

Udanganyifu ulikuwa mwingi kiasi kwamba huko Fort Hall, yaani Murang'a ya leo, serikali yenyewe ililazimika kuirudia kazi. Kwingineko haikurudiwa. Badala yake ikaja sheria ya mwaka 1959, ikasema kwamba mtu akiandikishwa mara ya kwanza kuwa mwenye ardhi, hati yake haiwezi kubatilishwa, hata ikionekana kwamba alidanganya. Mkoloni alijua alichokuwa akikilinda. Kanuni hiyo ilirithiwa na sheria ya Kenya huru ya mwaka 1963 na ikadumu karibu nusu karne, mpaka sheria mpya ya mwaka 2012 iliporuhusu hati iliyopatikana kwa udanganyifu au ufisadi ipingwe mahakamani. Kufikia hapo, wengi wa mashahidi walikuwa wamekwisha kufa.

Wafungwa walirudi kidogo kidogo. Mauaji ya Hola, tarehe 3 Machi 1959, ambapo wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa na serikali ikajaribu kusingizia maji, yaliifanya Uingereza ione haya na kuharakisha kufunga kambi. Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa. Mtu aliyetoka Manyani akaingia kijijini kwao, akatafuta bonde lao, akalikuta lina ua, na ndani ya ua kuna kahawa imeanza kuzaa. Mwenye kahawa alikuwa na mtoto shuleni na hati kabatini. Yeye alikuwa na kikohozi na barua ya kufunguliwa.

Akajibiwa kwamba asubiri Uhuru. Uhuru ukaja. Desemba 1963 wapiganaji waliobaki walitoka msituni na kukusanyika Ruring'u, Nyeri, wakisalimisha silaha zao mbele ya serikali yao wenyewe. Lakini ardhi ya masetla haikugawanywa bure. Katika mpango wa ekari milioni moja, ulioanza mwaka 1962, setla aliuza kwa bei, fedha zikakopwa hasa Uingereza, na mwananchi aliyepewa kipande akatakiwa kutoa chochote kwanza, kisha alipe deni kwa miaka mingi. Familia zipatazo 35,000 zilipata makao, na si jambo dogo. Ila swali la nani alikuwa na chochote cha kutoa kwanza lilikwisha jibiwa miaka ya vita. Bildad Kaggia, mfungwa wa Kapenguria, alipolalamika juu ya jambo hilo akiwa naibu waziri, mwaka 1964 alipoteza kazi yake serikalini.

Mau Mau yenyewe ilibaki chama kilichopigwa marufuku hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya Uhuru. Wazee waliokuwa wakikutana kukumbushana mambo ya msituni walikuwa, kwa herufi ya sheria, wakivunja sheria. Mwaka 2009 baadhi yao walikwenda London kuishtaki serikali ya Uingereza, na tarehe 6 Juni 2013 serikali hiyo ilieleza masikitiko yake bungeni na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228. Kila mmoja alipata kama shilingi 340,000. Fedha hizo zilikuwa za mateso: kuhasiwa, kubakwa, kupigwa. Kesi ile haikuwa ya mashamba.

Na vile vijiji 804, msikilizaji, havikubomoka vyote. Vingi watu walivihama mara walipoonyeshwa mashamba yao mapya. Wasio na shamba la kuonyeshwa walibaki pale pale. Ukipita leo Nyeri, Murang'a au Kiambu, utavikuta vikiitwa hadi sasa vijiji vya kikoloni: vipande vidogo, nyumba zimebanana, choo cha huyu mlangoni kwa yule, huku mashamba ya kahawa na chai yakianzia mita chache kutoka hapo. Serikali moja baada ya nyingine imeahidi wakazi wake hati za viwanja hivyo. Baadhi wamezipata. Wengine, wajukuu wa maskwota, wa ahoi na wa wale waliokuwa Manyani siku ya kupima, wangali wanaishi juu ya kiwanja kilichowekewa alama na ofisa wa wilaya mwaka 1954.